Daraja la Mto Malagarasi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wapo wanaoamini kwamba kabla ya Daraja la Kikwete kufunguliwa mwaka 2015, Mto Malagarasi haukuvukika. Imani hiyo inafuta historia ndefu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ilivushwa kwa mitumbwi ya wenyeji, tena si bure. Henry Morton Stanley, alipopita mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, alitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo na shanga, na punda wake mmoja akachukuliwa na mamba mtoni humo. Reli ya Kati nayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mradi wa Daraja la Kikwete huko Uvinza, mkoani Kigoma, uliojengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini, ulileta njia ya uhakika ya malori na mabasi: madaraja yenye jumla ya mita 275 pamoja na kilomita 48 za barabara.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba mafuriko huliangusha daraja kwa kulisukuma. Hilo hutokea, lakini adui mkubwa hufanya kazi chini. Maji yanapoigonga nguzo hujizungusha kwenye kitako chake na kuchimba mchanga, hata msingi ukabaki bila udongo wa kuushika, ilhali sehemu ya kupitia magari haina hata ufa. Mto ukitulia, mchanga mwepesi hurudi na kulifukia shimo, na mtazamaji hudhani hakuna lililoharibika. Ndiyo maana mafundi hupima kina cha maji kando ya kila nguzo na kulinganisha na vipimo vya awali. Uchimbaji wa mchanga wa kujengea karibu na daraja huharakisha hatari hiyo, na ni kosa kuuona kama riziki isiyomdhuru mtu. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, inatusaidia hapa, kwa kuwa humeza mafuriko na kuyaachia taratibu. Atakayeharibu ardhioevu hiyo ataongeza kasi ya maji yanayofika kwenye nguzo.

Husemwa pia kwamba zege halihitaji matunzo. Ndani ya zege mna nondo, na maji yakipenya nondo hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Tundu la kutolea maji lililozibwa na mchanga na majani ni mwanzo wa uharibifu huo, nalo huzibuliwa kwa koleo na fagio tu.

Uwazi unaoonekana kukatisha barabara juu ya daraja si ufa. Umeachwa makusudi ili sitaha, yaani sehemu ya kupitia magari, ipate kutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na mawe yakiujaza, daraja hukosa nafasi ya kutanuka.

Kuhusu uzito, madereva husema tani chache za ziada hazina madhara kwa kuwa lori huvuka salama. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, ikihesabu pia uzito wa kila ekseli, kwa sababu chuma huchoka kwa mizigo inayojirudia. Lori lililokwepa mizani leo huacha uchovu ambao haufutiki hata baada ya kushusha mzigo wake Kigoma.