Mafuta yakitoweka machoni, yamekwenda wapi?

Tarehe 27 Aprili 1986, tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka katika pwani ya Karibi ya Panama. Mafuta ghafi, mapipa yasiyopungua 50,000, yaliingia ghuba ya Bahía Las Minas na kupanda hadi kwenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe. Ajali kubwa kuliko hiyo zimetokea nyingi, lakini sisi tunaoshughulika na bahari tunairudia hii kila mara, kwa sababu jirani na hapo, mahali paitwapo Galeta, taasisi ya Smithsonian ilikuwa na kituo cha utafiti. Watafiti walikuwa wameshahesabu matumbawe na viumbe wanaoshika kwenye mizizi ya mikoko miaka mingi kabla tangi halijapasuka. Alipouliza mtu "hapa palikuwaje kabla?", jibu lilikuwa kwenye madaftari.

Walichokikuta kilibatilisha dhana mbili. Ilidhaniwa kwamba matumbawe yaliyo chini ya maji hayadhuriki, kwa kuwa mafuta huelea. Yalidhurika. Ilidhaniwa pia kwamba joto la nchi za tropiki huyamaliza mafuta upesi. Juu ya maji, ni kweli. Ndani ya tope la mikoko, sivyo: miaka mitano baada ya ajali, utando wa mafuta ulikuwa bado unatoka topeni na kurudi kwenye maji.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tuyafuate mafuta yanakokwenda. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya kemikali, na kila kundi lina safari yake. Zile nyepesi huruka hewani ndani ya siku moja au mbili, nazo ndizo zenye ile harufu ya kuumiza kichwa. Zilizobaki hupigwa na mawimbi zikashikana na maji, zikawa rojo zito la kahawia lenye ujazo mara tatu au nne ya mafuta yaliyomwagika mwanzoni. Rojo hilo likikaa baharini muda mrefu hukauka na kuwa vile vidonge vya lami vinavyonata kwenye nyayo ufukweni.

Kisha kuna bakteria. Aina moja, Alcanivorax, wamo baharini karibu kote duniani kwa idadi ndogo sana, na mafuta yakimwagika huongezeka kwa kasi kwa sababu chakula chao kimefika. Ila bakteria hawa wanahitaji oksijeni. Chimba tope la mikoko kwa kidole tu: juu ni kahawia, sentimita chache chini ni jeusi na linanuka mayai viza. Hapo oksijeni imekwisha. Mafuta yakifika huko yanakuwa yamepata maficho, na njia ya kufika huko ipo wazi: mashimo ya kaa. Kaa wale wale wanaochimba na kulipa tope pumzi ndio wanaoyafungulia mafuta mlango.

Mti nao una shida yake. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, huchomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope, mamia kwa mamia, kama penseli zilizochomekwa wima. Kila mzizi una vitundu vidogo vya kuingizia hewa. Maji yakija na mafuta wakati wa bamvu, yaani siku za maji kujaa sana, huyapandisha mpaka ndani kabisa ya mikoko. Likiisha bamvu, yanafuata maji mafu, yaani siku za maji kujaa kidogo, na kwa siku kadhaa bahari haifiki tena kule juu kuyaosha. Mafuta yanabaki yamepaka mizizi, jua linayakausha, vitundu vinaziba. Majani huanza kuwa ya njano na kupukutika, wakati mwingine wiki nyingi baada ya watu kuondoka wakiamini hatari imepita.

Tunajuaje kilichobaki? Tunalizamisha bomba topeni, tunalichomoa na nguzo ya tope ndani yake, kisha tunalikata tope vipande vyembamba kuanzia juu kwenda chini. Kila kipande hupimwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali moja moja. Katika mafuta kuna kundi la kemikali liitwalo hopani, ambazo bakteria hawazipendi. Kwa kuwa zenyewe hudumu, tunazitumia kupimia: kadiri kemikali nyingine zinavyopungua zikilinganishwa nazo, ndivyo tunavyojua mafuta yameoza kiasi gani. Mchanganyiko wa hopani hutofautiana kati ya kisima na kisima, hivyo sampuli ya ufukweni inaweza kulinganishwa na sampuli ya tangi la meli inayoshukiwa. Manahodha wanaomwaga maji ya ngama, yale machafu yanayokusanyika chini ya meli, yakiwa na mafuta, usiku, wakidhani bahari haina shahidi, wangefaa kulijua hilo.

Sumu isiyoonekana inawagusa samaki pia. Baada ya meli ya Exxon Valdez kukwama Alaska tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga lita zipatazo milioni 41, uchunguzi ulianza kuhusu mayai ya samaki. Imebainika kwamba kemikali za mafuta, hata zikiwa kidogo mno kiasi cha kutoyafanya maji yang'ae, huharibu moyo wa kiluwiluwi unapoumbwa. Samaki haelei akiwa amekufa ufukweni ili apigwe picha. Huanguliwa na moyo dhaifu, akashindwa kuogelea vizuri, akaliwa. Mvuvi ataona upungufu baadaye, na hatakuwa na cha kuonyesha.

Na mafuta hayamwagiki kutoka juu tu. Kisima cha Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, kilicholipuka tarehe 20 Aprili 2010 na kuua wafanyakazi 11, kilikuwa chini ya maji ya kina cha mita 1,500 hivi, na kilivuja siku 87. Wanasayansi wa bahari, akiwamo Samantha Joye wa Chuo Kikuu cha Georgia, waligundua wingu la mafuta na gesi likisafiri kwenye kina cha takriban mita 1,100 bila kupanda juu. Mafuta mengine yalinaswa na chembechembe za viumbe hai na vilivyokufa zinazonyesha baharini mchana na usiku, yakatua nazo sakafuni. Anayetazama akiwa kwenye ndege asingeyaona yote hayo.

Ndiyo maana nina mashaka na neno "kusafisha". Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall, Uingereza, mafuta yake yalimwagiwa tani zaidi ya 10,000 za sabuni za viwandani. Watafiti wa maabara ya Plymouth walionyesha kwamba sabuni iliua viumbe wa miambani kuliko mafuta yenyewe, na sehemu zilizosabuniwa zilichelewa sana kupona kuliko zilizoachwa. Alaska walitumia maji ya moto yenye nguvu, wakawaua viumbe walionusurika. Dawa za leo za kutawanya mafuta si kali kama zile za 1967, lakini kazi yake ni kuyahamisha mafuta kutoka juu kwenda ndani ya maji. Kwenye bahari kuu, uamuzi huo unaweza kufaa. Juu ya matumbawe ya maji mafupi, ni kuyapelekea sumu.

Pwani yetu imeshaonja. Mikoko ya hori la Makupa, Mombasa, iliangamia kwa mafuta mwaka 1988, na Aprili 2005 tani zipatazo 200 za mafuta ghafi zilimwagika bandari ya Kilindini zikaifikia mikoko ya Port Reitz. Kule Mauritius, meli ya Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, ikamwaga tani 1,000 hivi karibu na hifadhi ya Blue Bay. Wananchi walishona vizuizi vya kuelea kwa majani ya miwa. Haikuwa hata meli ya kubeba mafuta. Yalikuwa mafuta ya injini yake mwenyewe.

Tanga tuna jambo jipya. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na linapashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa. Bahari yetu ina nyuzijoto kati ya 25 na 30. Kwa maoni yangu, mafuta hayo yakiingia baharini tutegemee mabonge kuliko utando, na vifaa vya kufyonza mafuta mepesi havitayashika vizuri. Mabonge yataelekea wapi? Mafuta hufuata mkondo, na juu ya hapo husukumwa kwa asilimia 3 hivi ya kasi ya upepo. Wakati wa kusi, mkondo na upepo vyote vinaelekea kaskazini, kwenda Kenya. Wakati wa kaskazi, upepo unageuka na kuyasukuma kusini, na hesabu inabadilika. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale, iko jirani hapo hapo. Ningependa kuona mikoko, nyasi bahari na mayai ya samaki wa eneo hilo yakipimwa kila msimu kuanzia sasa, kama walivyofanya Galeta, na takwimu ziwekwe wazi.

Wavuvi na BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, wana kazi ambayo maabara haiwezi kuifanya: kuwahi kuona. Ukikuta mafuta, usimwage sabuni wala mafuta ya taa, na usiyachome. Usiingize kundi la watu kwenye mikoko kukwangua, kwa sababu miguu huyakanyagia mafuta chini ya tope. Zuia mdomo wa hori kwanza ukiweza, kabla bamvu halijapanda. Toa taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa baharini: TASAC upande wa Bara, ZMA Zanzibar, KMA Kenya. Chota sampuli kwa chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, maana plastiki ina kemikali zinazochafua vipimo. Andika mahali, saa, hali ya maji na upepo unatoka wapi, kisha iweke sampuli penye baridi na giza mpaka tufike.