Kilimo hakikuja kwa siku moja, wala hakikuja bure

Wengi wetu tulifundishwa habari hii kwa sentensi moja: binadamu alihangaika porini na njaa, akagundua kilimo, akatulia kijijini, akashiba. Ni rahisi kuikariri. Lakini mifupa, punje zilizoungua na mawe ya kusagia yaliyofukuliwa vinapingana nayo karibu katika kila neno.

"Siku moja mtu alidondosha mbegu, ikaota, kilimo kikaanza"

Watu walioishi kwa kuchuma na kuchimbua chakula chao porini walijua kwamba mbegu huota. Maisha yao yalitegemea kuijua mimea. Pale Ohalo, kando ya Ziwa Galilaya, yalifukuliwa mabaki ya kambi ya miaka 23,000 hivi iliyopita, na humo mlikuwa na punje za shayiri na ngano za mwituni pamoja na jiwe la kuzisagia. Kilimo kilikuja kushika mizizi katika eneo hilo zaidi ya miaka 10,000 baadaye.

Kilichochukua muda ni mmea wenyewe kubadilika. Suke la ngano ya mwituni likikomaa hupukutika, punje zikamwagika chini, na hivyo ndivyo mmea unavyojipanda. Anayevuna hubaki na zile punje zilizogoma kupukutika. Akizipanda msimu unaofuata, na watoto wake wakafanya vivyo hivyo, na wajukuu, shamba linajaa taratibu masuke yanayongoja mkono wa mtu. Kazi hiyo ilikula vizazi na vizazi, maelfu ya miaka, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema "leo nimegundua kilimo".

Wala haikufanyika mahali pamoja. Mpunga ulianza kulimwa China, mahindi Meksiko, ndizi Papua Guinea Mpya. Na Afrika haikukaa kungoja kuletewa: mashariki mwa Sudan wafinyanzi walichanganya makapi ya mtama kwenye udongo wa vyungu vyao, na alama za makapi hayo bado zinasomeka kwenye vigae vya zaidi ya miaka 5,000. Zinaonyesha mtama uliokwisha kuanza kubadilika mikononi mwa watu. Uwele ulilimwa Mali miaka 4,500 hivi iliyopita.

"Kwanza shamba, kisha makazi na majengo"

Kule Göbekli Tepe, kusini mashariki mwa Uturuki, zimesimama nguzo za mawe zenye kufikia mita 5 na zaidi, zimechongwa mbweha, nge na ndege. Zina umri wa miaka 11,000 na zaidi, na waliozisimamisha walikula nyama ya kuwinda na nafaka za mwituni. Kukusanyika na kujenga kulitangulia jembe.

"Kilimo kilileta shibe na nafuu"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu walioumizwa wana mifupa ya kutuonyesha. Abu Hureyra kilikuwa kijiji kando ya mto Frati, kaskazini mwa Syria. Kilichimbwa haraka mwaka 1972 na 1973, kabla maji ya bwawa hayajakifunika. Theya Molleson, mtaalamu wa mifupa ya kale, alipoichunguza mifupa ya wanawake wa pale, alikuta vidole gumba vya miguu vimelika kwenye viungo, magoti yamechoka, uti wa mgongo umeharibika upande wa kiunoni. Aliyewahi kumwona bibi yake akisaga ulezi kwenye jiwe ataelewa mara moja: magoti chini, vidole vya miguu vimekunjwa kuusukuma mwili mbele, nyuma, mbele, nyuma, saa baada ya saa, kila siku. Nafaka haikumpunguzia mwanamke yule kazi. Ilimpigisha magoti.

Chakula nacho kilipungua aina. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wapo wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya hadi leo, wana mizizi, ubuyu, matunda pori, asali na nyama. Hiki kikikosekana, kile kipo. Aliyetegemea nafaka moja alitegemea mvua moja. Huko Dickson Mounds, makaburi ya kale katika jimbo la Illinois, Marekani, meno ya watu waliogeukia mahindi yana mistari mingi zaidi ya ukuaji uliokwama utotoni kuliko ya waliowatangulia, alama ya njaa na maradhi.

Basi kwa nini hawakurudi porini? Jibu lipo kwenye bakuli la uji. Mama anayehamahama hubeba mtoto na humnyonyesha muda mrefu. Kwa Wasan wa Kalahari, wawindaji na wakusanyaji wa kusini mwa Afrika, uzazi mmoja na mwingine vilipishana karibu miaka minne. Mama mwenye uji laini humwachisha mtoto ziwa mapema, na mwili wake huwa tayari kwa mimba nyingine mapema zaidi. Watoto wakaongezeka, ingawa wengi walizikwa wadogo. Baada ya vizazi kadhaa watu walishakuwa wengi kuliko pori linavyoweza kuwalisha, na njia ya kurudi ikawa imefungwa.

"Kwetu pia mambo yalianza na jembe"

Hapana. Afrika Mashariki ilianza na mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati Sahara ikikauka. Wafugaji hao wa mwanzo walijenga pale Lothagam makaburi makubwa yenye nguzo za mawe, na humo walizikwa watu wasiopungua 580, wazee kwa watoto wachanga, wengi na shanga zao za mawe ya rangi. Hakuna kaburi la bwana mkubwa lililotengwa. Mazao yalikuja baadaye sana: katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde ya kwanza ina umri wa miaka 2,300 hivi. Mahindi na mihogo, ambayo leo tunayaita chakula cha asili, yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492.

Mifugo hiyo ilibadili hata damu yetu. Kwa kawaida mamalia akikua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba watu wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan wamebeba mabadiliko ya vinasaba yanayowaachia uwezo huo ukubwani, na si yale waliyo nayo Wazungu. Yalizuka huku, kwa wafugaji wa huku. Mmasai mtu mzima anapoinua kibuyu cha maziwa na kukimaliza bila tumbo kumsokota, anakunywa kwa ruhusa iliyoandikwa mwilini mwake na ng'ombe wa maelfu ya miaka iliyopita.