Trakoma: kazi ya mhudumu wa kitongoji dawa ikishagawiwa

Ukitaja magonjwa yanayoenezwa na wadudu, wengi wetu hapa Dodoma tunawaza mbu na malaria. Kumbe mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Wilayani Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1980, wa kuangaliwa sana ni nzi.

Si nzi yeyote. Huyu kitaalamu anaitwa Musca sorbens, na hufuata matongotongo na makamasi. Akitoka uso wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine hubeba bakteria wa trakoma. Jike hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini. Ndani ya choo cha shimo hazaliani. Kwa hiyo choo, hata kiwe cha miti na udongo, ni kinga ya macho. Vidole na khanga inayofutia nyuso za watoto wote navyo huambukiza.

Mtoto anayeambukizwa mara kwa mara hupata makovu ndani ya kope. Ukubwani kope hujikunja, nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Wanaofikia hapo wengi ni akina mama, maana ndio walezi. Baadhi hung'oa nywele hizo kwa kibano, wanaendelea na shamba, huku uoni unapotea kidogo kidogo.

Dawa ipo. Azithromaisini hugawiwa bure kwa jamii nzima pale maambukizi yalipo juu. Dozi hukadiriwa kwa kijiti cha kupimia urefu, na watoto chini ya miezi 6 hupewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Siku hiyo kila mtu humwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mimi naithamini zaidi kazi yake ya miezi inayofuata, kwa sababu kidonge huua bakteria lakini hakichimbi choo wala hakinawishi mtoto.

Mhudumu anaingia uani, anasalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", anakaribishwa kigoda. Kabla ya maneno mengi ameshaona nyuso za watoto na nzi wanaotua. Mama anasema maji yako mbali, na ni kweli. Mhudumu mzuri habishani naye. Anaomba kikombe kimoja tu, anamimina kidogo kidogo kiganjani, watoto watatu wananawa na maji yanabaki. Kisha anaonyesha jinsi ya kufunga kibuyu chirizi cha kunawia kwa dumu kuukuu na kamba. Mgeni kutoka wilayani angesema hayohayo na asisikilizwe. Huyu ni jirani, na wiki ijayo atapita tena.

Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga wahudumu wawili kwa kila kitongoji au mtaa, zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wenyeviti wa vitongoji, wapeni nafasi kwenye mikutano yenu waeleze hali ya vyoo, bila kutaja kaya kwa majina. Aliyeaibishwa hufunga mlango. Na kama nyumbani kuna bibi anayeng'oa nywele za kope, mwambieni mhudumu leo. Upasuaji wa kurekebisha kope ni mfupi, hufanywa kwa ganzi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.