Alama ya 0–3 haimaanishi mtoto wako: kabla hujanunua kitabu cha kwanza cha kupaka rangi

Kila sikukuu inapokaribia, watoto wa Unguja na Pemba hununuliwa nguo, viatu na vitu vya kuchezea, na siku hizi vitabu vya kupaka rangi navyo vimo. Vinatandazwa juu ya turubai Darajani, vinaning'inizwa kwa vibanio Mlandege, vinauzwa kwenye kiwanja cha watoto Tibirinzi kule Chake Chake, mara nyingi kitabu na paketi ya krayoni kwa bei moja. Ni jambo jema mzee kumnunulia mwanawe karatasi badala ya bunduki ya plastiki. Lakini malalamiko yanayotufikia sisi tunaokagua bidhaa za watoto nayo yanaongezeka, na mengi yanahusu watoto ambao hawajatimiza miaka mitatu.

Mama mmoja alitujia na kitabu chenye picha za wanyama. Kila mnyama alikuwa na macho ya plastiki yaliyogundishwa, yale yenye mboni nyeusi inayochezacheza ndani. Mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa amelibandua jicho la ng'ombe, na bibi yake aliliwahi likiwa tayari ulimini. Nilikigeuza kitabu nikamwonesha alama iliyopigwa chapa nyuma ya jalada.

"Hii uliiona, mama?"

"Niliiona, baba. Ndiyo iliyonifanya ninunue. Si imeandikwa sifuri mpaka tatu?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma, hata kwa wauzaji. Naomba lieleweke leo. Duara jekundu, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3, na mstari mwekundu unaokatiza juu yake, ni alama ya katazo. Inasema kitu hiki hakimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mstari ule una kazi ileile unayoifanya kwenye alama za barabarani, na hakuna dereva anayeona gari limekatizwa mstari akadhani anakaribishwa kupita. Ukiiona alama hiyo juu ya kitabu, kirudishe mezani, hata kama picha zake ni za kitoto, hata kama muuzaji anakuapia.

Sababu kubwa ya katazo hilo ni vipande vidogo. Maabara hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, ambayo kitako chake kimekatwa mshazari, kina chake kikiwa milimita 25.4 upande mmoja na 57.1 upande wa pili. Kipande kinachozama chote ndani ya silinda hiyo bila kubanwa kinahesabiwa kuwa kinaweza kumpalia mtoto mdogo. Jicho la yule ng'ombe lilizama na nafasi ikabaki. Huna haja ya maabara kulifanya hili nyumbani. Kata tundu la duara kwenye kadibodi, upana wa milimita 32 kwa rula ya skuli. Kitu chochote kifupi kinachopita hapo, kiwe jicho, kito cha kubandika, kishikizo au kifuniko cha kalamu, kisikae karibu na mtoto wa umri huo.

Sasa hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Kanuni ya Marekani ya vipande vidogo, ambayo nchi nyingi huitazama, haiviingizi vitabu vya karatasi, penseli wala krayoni zenyewe. Hakuna namna ya kutengeneza krayoni isiyokatika na bado ikaandika. Kwa hiyo mtu anaposubiri mamlaka zimhakikishie kwamba krayoni haitavunjika mdomoni mwa mwanawe, anasubiri kitu ambacho hakuna mamlaka inayoweza kukitoa. Jicho la mzee ndilo lililobaki. Krayoni nyembamba za paketi ya kumi na mbili zimekusudiwa mtoto wa skuli. Mdogo anahitaji nene, unene unaokaribia kidole gumba chako, na tatu au nne zinamtosha. Ikikatika, kipande kifupi kipitishe kwenye lile tundu. Kikipita, kimemaliza kazi yake.

Kuhusu sumu. Kinachotutia hofu zaidi katika rangi ni madini ya risasi, ambayo hayana harufu ya kukuonya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na madhara yake hayarudi nyuma. Kiwango cha kimataifa cha vitu vya kuchezea, ISO 8124 sehemu ya tatu, kimeweka kikomo cha miligramu 90 za risasi inayoweza kutoka katika kila kilo ya malighafi ya kawaida. Na hili si jambo la kinadharia: mwaka 1994 Marekani iliondoa sokoni aina kadhaa za krayoni zilizoagizwa kutoka China baada ya kukutwa na risasi.

Wapo wanaoniambia, "Lakini paketi imeandikwa haina sumu." Maneno hayo huandikwa na mtengenezaji. Herufi CE nazo kwa kawaida ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata masharti ya Ulaya. Si muhuri wa ofisa aliyeipima. Tunachokitazama sisi ni jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya toleo, umri uliokusudiwa, na kiwango kilichotajwa kwa namba yake. Paketi isiyo na hata jina la aliyeitengeneza, iliyobaki na katuni tu, muuzaji hawezi kukujibia chochote juu yake. Iache. Wapo pia wanaoonja krayoni kwa ncha ya ulimi wapate kujua. Tafadhali, acheni hilo. Ulimi haupimi risasi.

Kitabu chenyewe kina mambo machache. Karatasi ya rimu ya kutolea fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na mkono wa mtoto wa miaka miwili unaichana. Tafuta nzito zaidi, gramu 120 hivi. Dukani weka kidole nyuma ya ukurasa kuelekea mwanga. Kivuli cha kidole kikionekana waziwazi, karatasi ni nyepesi. Picha ipigwe upande mmoja tu wa karatasi. Fungua katikati uangalie pini. Kitabu kilichobanwa kwa pini mbili za chuma huanza kulegea siku ya tatu, mtoto akivuta, na pini iliyonyooka ni sindano. Kilichoshonwa kwa uzi au kugundishwa ni bora. Vile vitabu vya kupaka maji, ambavyo rangi hujitokeza na kufifia vikikauka, ninavipenda, ila visifungwe vikiwa vibichi, hasa masika, vitaota ukungu. Na makapeni kama yamo, kifuniko kiwe na tundu la hewa juu. Tundu hilo limewekwa ili mtoto akikivuta kooni hewa ipite.

Sasa picha. Ukurasa mmoja, kitu kimoja, kikubwa, mstari mnene. Mtoto wa miaka miwili hapaki picha, anaitaja. Akimwona kuku atasema kuku, akiona embe atataka ale. Ukimpa sungura amevaa kofia ya theluji umempa kitu ambacho wewe mwenyewe utakieleza kwa tabu. Vitabu vya namna yetu ni vichache, nakubali. Kwa hiyo nawaambia walimu wa maandalizi na wazee: chora mwenyewe. Karatasi nne nzito, makapeni nyeusi, dau, nazi, paka, gari la ng'ombe, kisha shona ubavuni kwa sindano na uzi wa kitani. Mchoro wako ukiwa mbaya mtoto hatojali.

Na hili linaniuma, nalisema kama mtu ambaye pia ni babu. Mjukuu wangu anakaa juu ya mkeka, ameishika krayoni kwa ngumi kama anayeshika mchi, na mkono unaenda wote kuanzia begani, kushoto, kulia, mpaka krayoni inatoka nje ya karatasi na kuandika mkeka. Mama yake akamshika kiganja: "Hapana, mwanangu, ndani ya mstari." Mtoto akaiweka chini krayoni na hakuishika tena siku ile. Misuli ya vidole vyake bado haijafika huko. Mwaka na nusu mtoto hukwaruza. Karibu na miaka miwili huiga mstari uliosimama, karibu na mitatu huiga duara, mraba kwa kawaida husubiri baada ya minne. Kubaki ndani ya mstari kunakuja baadaye kabisa. Tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 maandalizi yamo ndani ya elimu ya lazima, na nadhani hapo ndipo baadhi ya wazee wanapopata haraka ya kumfanya mtoto wa miaka miwili awe mwanafunzi. Skuli itamkuta. Mwacheni akwaruze.

Ukipata bidhaa yenye hitilafu, fuata utaratibu, kwa sababu malalamiko mengi tunashindwa kuyafuatilia kwa kukosa vitu vidogo. Usikitupe kitabu. Usikioshe, usikifute. Kiweke pamoja na kipande kilichotoka, paketi yake na risiti ndani ya mfuko safi, ufunge. Andika tarehe uliyonunua, duka au sehemu ya meza, na umri wa mtoto. Piga picha namba ya toleo kabla haijafutika. Usikubali kubadilishiwa kimyakimya dukani halafu ukaja na maneno matupu. Ukishakirudisha, kielelezo kimekwenda, na zilizobaki zinaendelea kuuzwa. Na usipeleke kwa sheha ukaishia hapo. Sheha atakusikiliza, lakini hana maabara. Kama mtoto amemeza kitu au anakohoa na kutoa mate mengi, hospitali kwanza, malalamiko baadaye.

Lalamiko likipokelewa ofisini kwetu unajaza fomu na kuonesha kitambulisho. Ofisa huenda dukani, hujitambulisha, na kuchukua sampuli mbele ya mwenye duka. Sampuli hufungwa kwa lakiri, pande zote mbili hutia saini, na mfanyabiashara hupewa stakabadhi. Wakati vipimo vinasubiriwa, shehena inaweza kuzuiwa isiuzwe. Ikishindwa vipimo huondolewa sokoni, ikaharibiwa au kurudishwa ilikotoka, na gharama ni za mwagizaji. Mwagizaji anayepuuza amri hiyo hufikishwa mahakamani kwa mujibu wa Sheria ya Viwango ya Zanzibar ya 2011, na mbele ya Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji ya 2018 ana la kujibu pia. Sitaji viwango vya faini hapa kwa sababu hutegemea kosa na uamuzi wa mahakama. Kwa wafanyabiashara wadogo wanaosema "mimi nimenunua tu kwa jumla": anayeuza naye anawajibika. Daini nakala ya cheti cha ukaguzi kwa aliyewauzia kabla hamjalipa, siyo siku tuliyofika dukani.

Yule mama alituachia kitabu na jicho la ng'ombe. Alirudi wiki mbili baadaye kuulizia, na mkononi alikuwa na karatasi nne zilizoshonwa kwa uzi mwekundu. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora samaki. Juu ya samaki, na juu ya meza yetu ya mapokezi dakika chache baadaye, mwanawe alikuwa amepiga mistari ya buluu kwa mkono mzima.