Kurudisha vyakula: maana yake kwa mwenye tumbo linalochagua

Kurudisha vyakula ni kipindi ambacho mtu aliyeacha vyakula kadhaa kwa sababu ya tumbo anavijaribu tena kimoja kimoja, kwa kipimo, ili ajue kipi kinamsumbua na kuanzia kiasi gani. Hilo la kiasi ndilo husahaulika.

Hapa Moshi tunajua zaidi kuacha. Tumbo likijaa gesi, unaambiwa acha maharage. Likinyonga tena, acha maziwa, kisha chapati, kisha vitunguu. Anayekwambia urudi humpati. Mimi nilikaa miezi minane kwa wali mweupe, ndizi za kuchemsha na samaki, mwili ukaisha, nikawa nakwepa misiba na ubarikio kwa kuogopa sahani. Tumbo lilitulia, lakini sikujua mkosaji ni nani kati ya vyote nilivyoviacha.

Utaratibu unaotumika sana kwa wenye tumbo la namna hii ulianzia Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Watafiti wa huko ndio waliolitoa jina FODMAP mwaka 2005. Ni kundi la sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Huvuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Kwa wengi hilo halina shida. Kwa mwenye utumbo mwepesi kuhisi, gesi hiyohiyo ni maumivu. Hatua ni tatu: kupunguza kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha kwa wiki 6 hadi 8 hivi, kisha kupanga mlo wa kudumu. Kupunguza ni kwa muda tu, maana baadhi ya wanga hizo ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumboni.

Chukua maziwa, ambayo yana laktosi, yaani sukari ya maziwa. Siku ya kwanza unakunywa robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima. Vyakula vingine havibadiliki: kama ni ugali wa mahindi na mchicha, ni hivyohivyo. Tumbo likichafuka siku ya pili, unasimama hapo na kuandika. Kisha unapumzika siku mbili au tatu mpaka litulie, ndipo uende kwenye chakula chenye sukari au wanga wa aina nyingine. Hata maziwa yakipita salama, yaweke kando kwanza hadi majaribio yote yaishe, la sivyo utachanganya ushahidi. Daftari langu lilikuwa na mistari kama huu: “Jumanne, nusu kikombe, saa 2 asubuhi, gesi kidogo saa 5, haikuuma.” Na ukishindwa maziwa, usihukumu mtindi, bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wengi huuvumilia.

Kitunguu kinahitaji akili zaidi, hasa kwetu tunaopenda mtori. Wanga wake, fruktani, huyeyuka kwenye maji lakini hauyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo ukikichemsha pamoja na nyama na ndizi halafu ukachuja vipande, hujasaidia kitu. Kilichokuuma kimeshaingia kwenye supu. Lakini ukikaanga kitunguu au kitunguu saumu kwenye mafuta, ukavitoa kabla ya kuweka maji, harufu inabaki kwenye mafuta na fruktani inatoka pamoja na vipande. Majani mabichi ya kitunguu nayo huwa salama kwa wengi. Kuyeyuka huko kwenye maji ndiko kunakokusaidia kwenye maharage: yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, na sehemu ya wanga wake imeondoka. Anza na vijiko viwili, usianze na bakuli.

Usifanye majaribio haya wiki ya mtihani, ya safari au ya kufiwa. Wasiwasi wenyewe hulivuruga tumbo, na utalisingizia parachichi.

Na kabla ya yote, nenda hospitali. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu au kuharisha kunakokuamsha usiku si mambo ya daftari. Amiba na giardia, vimelea vya tumboni, hupimwa na kutibiwa. Kipimo cha ugonjwa wa siliaki, ambao ngano huudhuru utumbo, hufanywa ukiwa bado unakula ngano, kwa hiyo usiiache mapema. Anayevimba midomo au kubanwa pumzi akila kitu ana mzio, na huyo asijaribu chochote nyumbani.

Majaribio yangu yalichukua wiki 9. Maziwa nusu kikombe, sawa. Chapati moja, sawa, tatu, hapana. Maharage yaliyolowekwa, sawa. Kitunguu cha kuchemsha hakikupita hata kidogo. Siku hizi shangazi akipika mtori anatenga sufuria ndogo kabla ya kutia kitunguu, ananiita: “Mwanangu, chako hiki hapa,” nami nakaa mezani na wenzangu.