Gia Inayoachia Kwenye Mashine Kuukuu ya Boti: Anza Nje Kabla ya Kufungua Giaboksi

Malalamiko ya wenye mashine za kufungwa nyuma ya boti huwa yale yale. Mashine inawaka vizuri, inaingia gia ya mbele, boti inaanza kwenda, halafu ukiongeza mafuta tu inaachia: injini inapiga kelele lakini boti haisukumwi. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia spana wakafungua giaboksi. Nawasihi wasubiri. Giaboksi ya mashine ya miaka ya 1950 au 1960 ukishaifungua unadaiwa sili (mipira ya kuzuia maji na oili) na gasketi mpya hata kama ndani hukukuta ubovu, na mashine nyingi nilizoletewa kwa jina la gia ugonjwa wake ulikuwa nje.

Nenda kwanza kwenye propela. Propela nyingi zina mpira uliobanwa kati ya kitovu kinachokaa kwenye shafti na mwili wenye mapanga. Kazi yake ni kuteleza propela inapogonga mwamba, ili pigo lisifike kwenye meno ya gia. Mpira huo ukikaa miongo kadhaa unakauka na kupoteza mshiko. Boti inakwenda vizuri polepole, lakini ukiongeza mafuta injini inapiga kelele na boti inabaki nyuma. Dalili zake zinafanana mno na za gia mbovu. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua giaboksi nzima kwa ajili hiyo, nikakuta kila kitu kizima, na tangu hapo sigusi bolti kabla ya kipimo hiki: piga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye mwili wa propela, iache ikauke, kisha iendeshe boti mpaka iachie. Ukirudi ukakuta mstari umekatika vipande viwili visivyotazamana, mgonjwa wako ni mpira.

Mashine ndogo za zamani hutumia pini inayokatika badala ya mpira. Pini hiyo ikikatika, boti haisukumwi kabisa. Weka pini ya aina iliyopangwa kwa mashine hiyo, kamwe usiweke kipande cha msumari wa chuma kigumu. Pini ikikataa kukatika, kitakachokatika ni gia.

Mstari ukibaki sawa, tega sikio. Mpira unaoteleza haugongi. Gia inayoruka inagonga: kishindo kimoja kizito, au mfululizo wa ta-ta-ta unaousikia mpaka kwenye nyayo. Hapa watu hukosea wanapodhani meno ya gia yanaachana. Hayaachani. Gia ndogo iliyo chini ya shafti ya wima imeshikana muda wote na gia mbili, ya mbele na ya rivasi, nazo huzunguka kinyume kila moja na mwenzake. Kinachosogea ni kola, yaani pete nene ya chuma, iliyo katikati yao juu ya shafti ya propela, yenye kucha pande zote mbili. Ukiweka gia, kola inateleza na kucha zake zinaingia kwenye kucha za gia unayoitaka. Kucha zikiwa na pembe kali zinashikana hata injini ikivuta kwa nguvu zote. Pembe zikiviringika, mzigo wenyewe ndio unaozisukuma nje.

Na kinachoziviringisha, mara nyingi, ni mkono wa mwendeshaji. Mtu anaionea huruma mashine kuukuu, anasogeza mkono wa gia taratibu kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Huruma hiyo inaiua mashine, kwa sababu kucha zinasagana ncha kwa ncha kabla ya kuingia. Shusha injini mpaka mwendo wake wa chini kabisa, kisha weka gia kwa mkupuo mmoja. Injini isiyotaka kutulia chini, rekebisha karibureta na plagi zake kwanza, maana mwendo ukiwa juu hakuna mkono utakaookoa kucha.

Kabla hujazihukumu kucha, kagua fimbo ya gia, ile inayoshuka ndani kusogeza kola. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya zote za plagi na uziunganishe na bodi ya injini, ili isiwake ukiizungusha. Tenganisha kebo inayotoka kwenye mkono wa gia, sogeza fimbo kwa mkono huku mwenzako akizungusha propela polepole, la sivyo kucha zitakutana ncha na utadhani imekwama. Gia ikiwa huru, propela izunguke kwa wepesi kote kuwili. Ikiwa fimbo inafika mwisho kwa mkono wako lakini haifiki kwa kebo, umepata jibu: kebo imelegea, kiungo kimelika au marekebisho yamehama. Kucha zilizoingia nusu huruka hata zikiwa mpya.

Ikithibitika ugonjwa uko ndani, mwaga oili kwanza na uisome. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia kutoka. Oili iliyochafuka ikawa kama maziwa inasema sili zimechoka. Unga laini wa chuma unaonaswa na sumaku ni uzee wa kawaida, lakini vipande unavyovihisi kwa vidole vinatoka kwenye gia, kucha au beringi.

Mashine nyingi haziachii sehemu ya chini, yenye giaboksi, mpaka utoe kiungo cha fimbo ya gia. Ukivuta kwa nguvu utaipinda. Washa (pete nyembamba za chuma) zote ziandike zilikotoka, kwa sababu ndizo zinazopanga nafasi kati ya meno. Kola ikilika upande wa mbele, kwenye baadhi ya mashine inaweza kugeuzwa, kwa kuwa upande wa rivasi hufanya kazi kidogo. Lakini tazama na kucha za gia yenyewe: kola nzuri juu ya gia iliyoviringika haidumu. Kuzichonga kwa mashine ya kusagia sikupendekezi, joto lake linalegeza ugumu wa chuma.

Tahadhari kwa wenye Johnson na Evinrude za miaka ya 1960 zinazobadili gia kwa umeme. Zile za mwanzo, umeme ukikatika gia inabaki huru. Zilizofuata, zenye pampu ya oili ndani, umeme ukikosekana zinaingia mbele zenyewe, kwa hiyo usiwashe ukiwa karibu na mtu majini kabla ya kupima waya. Oili yake pia ni ile iliyotajwa na mtengenezaji tu.

Ukirudisha oili, ijaze kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini, zote kwa gasketi mpya. Kisha ifunge boti imara kwa kamba, weka gia ya mbele na uongeze mafuta kidogo kidogo huku mkono mmoja ukiwa kwenye swichi ya kuzimia.