Mwembe wa uani: anza kuutazama chini

Kila mwaka masika yakikaribia, simu ninazopigiwa hufanana. "Fundi, njoo unikatie mti, unanitisha." Nikifika, mwenye nyumba ananionyesha juu: kilele kirefu, tawi lililolalia bati, majani yanayovuma. Mimi naomba ufagio. Nafagia majani makavu yaliyozunguka shina, napiga magoti, naanza kuusoma mti kutoka chini. Miti mingi niliyoiona imelala juu ya nyumba ilishindwa kwenye mizizi, kwenye kitako cha shina au kwenye panda, pale shina linapogawanyika. Urefu peke yake hauniambii kitu.

Nafanya kazi hii Tanga, mji wenye miembe mikongwe kuliko nyumba nyingi zilizo kivulini mwake. Februari iliyopita niliitwa na bibi mmoja wa Chumbageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mti wenyewe ndio huo."

Wanawe walitaka ukatwe wote, maana wajukuu wanalala chumba cha nyuma. Yeye alikuwa na lake: kitovu cha mwanawe wa kwanza kilizikwa chini ya mwembe ule. Lakini hakuniomba niutetee. "Utazame kwa haki," aliniambia. "Ukisema uondoke, utaondoka."

Niliuzungushia utepe usawa wa kifua: mzingo wa mita 3.4, yaani kipenyo cha sentimita 108 hivi. Nikachukua nyundo ya mbao nikazunguka shina, nikigonga kila baada ya kiganja. Upande wa barabarani sauti ilikuwa kavu na ya juu, kama unayegonga meza ya mninga. Upande wa jikoni ikashuka, ikawa nzito, kama ngoma iliyolegea ngozi. Chini ya hapo, kando ya mzizi mmoja mnene, palikuwa na tundu la kuingia ngumi. Nilisukuma nondo nyembamba ikazama sentimita 40 bila kukaza. Ilipotoka ilikuwa imeshika unga wa kahawia, laini, wenye harufu ya udongo uliopata mvua. Gome la upande ule lilikuwa jeusi. Nikauliza. Kumbe kwa miaka mingi takataka za jikoni zilichomewa pale pale.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mti wenye uwazi ndani si lazima uwe mti wa kuanguka. Uhai wa shina uko nje, chini ya gome. Kiini cha ndani ni mbao iliyokwisha kufa siku nyingi, na mti unaweza kuishi miaka mingi bila hicho. Tazama bomba la chuma: ni tupu, lakini linabeba paa. La kuuliza ni ukuta uliobaki una unene gani. Mjerumani Claus Mattheck alilinganisha miti yenye uwazi iliyosimama na iliyovunjika, akaona kwamba hatari inapanda sana ukuta usiooza unapopungua chini ya theluthi hivi ya nusu kipenyo. Kwa mwembe wa bibi, nusu kipenyo ni sentimita 54, kwa hiyo nilitaka sentimita 16 hadi 18 za mbao nzima. Nikatoboa kwa drili yenye biti nyembamba, ndefu, sehemu nne tu, kwa sababu kila tundu ni jeraha. Sehemu tatu biti ilikaza hadi sentimita 22. Upande wa jikoni ilikaza kwa sentimita 9, kisha ikatumbukia.

Kipimo hicho nakiheshimu, lakini hakinitoshi. Uwazi uliofunguka upande mmoja ni dhaifu kuliko bomba lililofunga pande zote. Na mti wenye ukuta mnene bado unaweza kung'oka na mizizi yake.

Mizizi ndiyo inayoniumiza moyo zaidi, kwa sababu inauawa na mikono yetu. Watu hudhani mizizi inashuka chini kama shina lilivyopanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imetambaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na inakwenda mbali kupita ukingo wa kivuli. Ukichimba msingi wa ukuta, shimo la choo au mtaro wa bomba mita mbili kutoka kwenye shina, umekata nanga. Kanuni ninayoifuata ni umbali wa mara 12 ya kipenyo cha shina: shina la sentimita 50, acha mita 6 bila kuchimba. Miaka kadhaa nyuma niliukagua mti mmoja wa mkungu nikasema ni mzima, na ulikuwa mzima. Mwaka uliofuata ukachimbwa mtaro upande wake wa kusini, mafundi wakakata mizizi mitatu minene kama paja, wakafukia vizuri, wakasakafia. Majani yalibaki ya kijani. Upepo wa kusi ulipoanza, ukalala juu ya gari. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: mmechimba nini hapa ndani ya miaka mitano iliyopita?

Kusi kukivuma, shuka uani utazame udongo upande unakotoka upepo, yaani kusini mwa shina. Ufa wa mviringo kwenye ardhi, au udongo uliovimba ambao jana haukuwapo, maana yake mizizi inanyanyuka. Usisubiri kesho kwa hilo. Hamisha watu walale upande mwingine. Mti ulioinama tangu utoto si wa kuogopwa hivyo: utauona ncha yake imejipinda kurudi juu kutafuta jua. Wa kutisha ni ule ulioinama juzi, umenyooka kama mshale kuelekea nyumba. Uyoga mgumu kama ubao, ulioota kama rafu kwenye kitako cha shina, nao ni habari nzito hata kama mti umejaa maembe. Na panda mbili zilizobanana zikafungia gome katikati, badala ya kushikana mbao kwa mbao, zinasubiri upepo wa kuzipasua. Miembe ya zamani ina panda hizo nyingi.

Mnazi una sheria zake. Hauongezi unene wala haufungi jeraha, ndiyo maana vidato vilivyochongwa zamani kwa ajili ya wakwezi vinaonekana hadi leo. Ukifa kilele, umekufa. Uangushe mapema, kabla haujawa nguzo iliyooza ambayo hakuna mkwezi wa kuikubali.

Sasa niseme juu ya kukata vichwa, kwa sababu ndiyo dawa inayouzwa mitaani kila siku. Kijana anapanda na panga, anafyeka matawi yote, shina linabaki kama ngumi. Mwenye nyumba anaona salama. Lakini mti ulionyang'anywa majani umenyang'anywa chakula. Unatumia akiba yake kuchipua fimbo nyingi kwa haraka. Fimbo hizo zimeshikilia juu juu, karibu na gome, na chini yake jeraha pana linaoza kushuka ndani ya shina. Baada ya miaka michache unakuwa na matawi mazito yaliyokaa juu ya mbao iliyooza. Umelipa pesa kutengeneza hatari.

Mmarekani Alex Shigo alipasua miti mingi kwa urefu kwa msumeno wa mnyororo ili aone jeraha linavyokwenda ndani. Alichokionyesha ni kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Unajenga ukuta kuuzunguka uozo, kisha unaendelea kukua nje yake. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuuachia ukuta huo. Tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje ya kola, usiiguse. Tawi zito likate mara tatu: mkato mdogo kutoka chini, mbele ya kola, wa pili kutoka juu, mbele zaidi, tawi lianguke bila kuchuna gome, wa tatu uondoe kisiki kilichobaki. Usipake lami wala oili chafu. Na usijaze zege kwenye tundu: mti unayumba, zege haliyumbi, na maji yanakaa kati yao.

Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, mimi mwenyewe sipandi mpaka TANESCO wazime laini. Mti mbichi unapitisha umeme. Na kabla ya kuangusha mti mzima, pita kwa mtendaji wa mtaa uulize kibali.

Mwembe wa bibi hatukuukata: sehemu tatu ukuta ulitosha, upande wa jikoni tu ndio uliopungua, kwa hiyo tuliupunguzia mzigo upande huo. Msimu wa maembe ulikuwa umekwisha na masika hayajaanza, wakati mzuri. Nilifupisha matawi manne marefu yaliyoelekea jikoni, kila moja hadi kwenye tawi dogo lenye angalau theluthi ya unene wake, ili lichukue uongozi. Jumla hata robo ya majani haikutoka. Mti mzee haustahimili zaidi. Nilivaa mikono mirefu muda wote, utomvu wa mwembe unababua. Wanawe nikawaeleza wazi: hatari imepungua, haijaisha, na siku za upepo mkali wajukuu walale chumba cha mbele.

Jaa la kuchomea takataka limehamishiwa nyuma ya choo. Mahali pake bibi amemwaga majani makavu kama nilivyomwomba, duara pana, bila kugusa gome. Karibu na tundu nimeweka alama ya rangi nyeupe, na kando yake nimeandika 9. Februari ya mwakani narudi na nyundo.